Uliza Kwanza, Amuru Baadaye: Mwongozo kwa Wanaoiamuru Hifadhidata Kupitia Puppet na Wenzake

Chukua mkate wa shilingi 1,000. Chukua na amri moja fupi ya kuongeza VAT ya asilimia 18 kwenye jedwali la bei:

```
UPDATE bei SET kiasi = kiasi * 1.18;
```

Iweke amri hiyo ndani ya Puppet, zana ya kusimamia seva, bila sharti lolote, kisha nenda kalale. Puppet, isipoelekezwa vingine, huamka kila baada ya dakika 30 na kupitia upya yote uliyoiandikia. Mzunguko wa kwanza mkate unakuwa shilingi 1,180, na kila mtu ameridhika. Mzunguko wa pili, 1,392. Baada ya mizunguko minane, ambayo ni saa nne tu, umefika 3,759. Kesho yake saa kama hiyo, mizunguko 48 ikishapita, mkate ule ule unauzwa kwa zaidi ya shilingi milioni 2.8. Hakuna aliyedukua mfumo, na seva ni nzima. Puppet imetii, tena kwa uaminifu mkubwa, kila ilichoambiwa.

Mwongozo huu umeandikwa kumwokoa mnunuzi wa mkate huo. Ni kwa ajili yako wewe msimamizi wa seva, dada au kaka, unayetumia Puppet, Chef, Salt au Ansible, na ambaye siku moja utalazimika kuandika amri ya hifadhidata ndani ya zana hizo. Ninayo hoja moja, na hatua zote kumi zinaihudumia: hifadhidata ina majibu matatu, ilhali zana zetu nyingi zina masikio mawili. Hifadhidata husema "ndiyo, kipo", au "hapana, hakipo", au haisemi kitu kwa sababu haikusikia swali. Balaa karibu zote za kazi hii huanzia hapo, pale ukimya unapoandikwa kuwa ni "hapana".

Hatua ya 1: Tazama kwanza kama kazi ina mwenyewe

Zana hizi zilizaliwa ili tuache kuamuru na tuanze kueleza. Mark Burgess alianza CFEngine mwaka 1993 akiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Puppet ya Luke Kanies ikafuata mwaka 2005, Chef mwaka 2009, Salt mwaka 2011, na Ansible ya Michael DeHaan mwaka 2012. Wazo lililozibeba zote ni kwamba msimamizi aeleze hali anayoitaka, na zana itafute yenyewe njia ya kuifikia. Unasema "faili hili liwepo, lenye maneno haya, mmiliki wake awe huyu." Likiwepo tayari, zana hupita kimya. Irudie mara mia, matokeo hayabadiliki.

Aina ya `exec` katika Puppet, na `command` au `shell` katika Ansible, ni mlango wa nyuma wa nyumba hii nzuri. Ukipita humo umerudi kwenye kuamuru, na zana haina tena namna ya kujua ulikuwa unataka hali gani. Inachojua ni kwamba umesema "endesha hiki".

Kwa hiyo, kabla ya kuandika `exec`, tafuta moduli. Ukitumia Puppet na MySQL, moduli ya puppetlabs-mysql ina `mysql_database`, `mysql_user` na `mysql_grant`. Ukitumia PostgreSQL, puppetlabs-postgresql ina `postgresql_psql`, ambayo hupokea sharti lililoandikwa kwa SQL yenyewe. Sharti hilo likirudisha mistari, amri kuu haiendeshwi, lisiporudisha, inaendeshwa, na swali lenyewe likishindwa, moduli inasimama na kulalamika. Majibu matatu, masikio matatu. Ansible nayo ina `mysql_db` na `postgresql_db` katika makusanyo yake ya jumuiya. Aliyeandika moduli amekwishapambana na mitego mingi utakayoisoma hapa chini. Mshukuru, tumia kazi yake, uende nyumbani mapema.

Ukikosa moduli inayokufaa, na hutokea, endelea na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Ijue milango miwili na namba moja

Katika Linux, kila amri inapomaliza huacha namba. Sifuri maana yake mambo ni salama; namba nyingine yoyote maana yake kuna jambo. Puppet ikiuliza swali kabla ya `exec`, haisomi maneno yaliyotokea kwenye skrini. Inasoma namba hiyo tu.

Mlango wa kwanza ni `unless`. Swali likiisha na sifuri, amri kuu inaachwa. Mlango wa pili ni `onlyif`. Swali likiisha na sifuri, amri kuu inaendelea. Chef inaiita milango hiyo `not_if` na `only_if`. Salt imebaki na majina yale yale ya Puppet.

Ansible imekwenda njia yake. Huko swali ni kazi inayojitegemea. Jibu unalihifadhi kwa `register`, na kazi inayofuata inalisoma kwa `when`. Mpangilio huo una faida kubwa: swali likishindwa kuifikia hifadhidata, Ansible inasimama papo hapo kwa seva hiyo. Isipokuwa umeandika `ignore_errors: true` ili skrini isijae rangi nyekundu. Ukiandika hivyo, umeiziba zana masikio kwa mikono yako, na ninakusihi uifute.

Hatua ya 3: Uliza swali ambalo hifadhidata italijibu

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo tukae kidogo. Mtu anataka kuunda hifadhidata ya `duka_mauzo` ikiwa haipo. Anaandika hivi:

```
exec { 'unda-duka':
  command => "mysql -e 'CREATE DATABASE duka_mauzo'",
  unless  => "mysql -e \"SHOW DATABASES LIKE 'duka_mauzo'\"",
  path    => ['/usr/bin', '/bin'],
}
```

Inapendeza kuisoma, lakini haifanyi kazi. Hifadhidata isipokuwepo, MySQL hurudisha orodha tupu, na orodha tupu si kosa. Umeuliza, ukajibiwa, swali limeisha salama: sifuri. Puppet inaona sifuri, inaamini hifadhidata ipo, inaachana na amri. Hifadhidata haitaundwa leo wala mwakani, na ripoti zote zitasema mambo ni shwari.

Tiba inayojulikana ni kupeleka jibu kwa `grep`, ambayo hurudisha sifuri ikiona kinachotafutwa na moja isipokiona. Ni tiba nzuri, ila ina mitego yake mitatu. Kwanza, ukitafuta `duka` tu, `grep` itafurahi ikikuta `duka_la_zamani`. Ongeza `-x` ili mstari mzima ulingane. Pili, MySQL hutanguliza kichwa cha safu kabla ya majibu, na kichwa hicho kinaweza kubeba neno lile lile unalolitafuta. Ongeza `-N` kukiondoa na `-B` ili majibu yatoke bila mapambo. Tatu, alama ya `_` ndani ya `LIKE` humaanisha herufi yoyote moja, hivyo `duka_mauzo` italingana pia na `dukaXmauzo`. Ukitaka jina kamili, tumia alama ya `=` dhidi ya `information_schema`.

Hatua ya 4: Ulazimishe ukimya useme

Sasa tumefika kwenye moyo wa mwongozo. Tuseme umejifunza yote ya hatua ya 3, na sharti lako ni hili:

```
unless => "mysql -NBe 'SHOW DATABASES' | grep -qx duka_mauzo",
```

Siku njema linafanya kazi barabara. Siku mbaya, hifadhidata inawashwa upya wakati Puppet inapita. `mysql` inashindwa kuunganishwa na haitoi jina hata moja. `grep` inapokea utupu, haioni `duka_mauzo`, inarudisha moja. Puppet inaona moja, inahitimisha kuwa hifadhidata haipo, na inaendesha amri kuu. Kama amri kuu ni `CREATE DATABASE`, utapata kosa jekundu na maisha yataendelea. Kama amri kuu ni skripti ya kuingiza data za mwanzo, ile inayoanza kwa kufuta majedwali ya zamani, na hifadhidata ikamaliza kuwaka sekunde mbili baadaye, umefuta mauzo ya watu.

Fikiria umefika kwenye nyumba ya jirani, umepiga hodi. Akiitikia "karibu", yupo. Mtoto akitoka akasema "baba hayupo", hayupo. Nyumba ikiwa kimya, hujui lolote: huenda analala, huenda hakusikia, huenda umekosea mlango. Hakuna mtu mwenye adabu ambaye, baada ya kimya hicho, huingia ndani akaanza kupanga upya samani. Lakini `unless` iliyoandikwa kama hapo juu inafanya hivyo hivyo, kila siku, kwenye seva za watu wazima.

Tiba yake ni kuuliza swali ambalo hata "hapana" yake inatamkwa. `COUNT(*)` ndiyo rafiki yako. Haijui kunyamaza: kitu kikiwepo husema 1, kisipokuwepo husema 0. Kisha geuza mlango, utumie `onlyif`, na udai kuisikia ile sifuri kwa sauti:

```
onlyif => "mysql -NBe \"SELECT COUNT(*) FROM information_schema.schemata WHERE schema_name = 'duka_mauzo'\" | grep -qx 0",
```

Kwa PostgreSQL ni vivyo hivyo:

```
onlyif => "psql -tAc \"SELECT COUNT(*) FROM pg_database WHERE datname = 'duka_mauzo'\" | grep -qx 0",
```

Pitia majibu matatu. Hifadhidata ipo: inatoka 1, `grep` haioni 0, amri haiendeshwi. Haipo: inatoka 0, amri inaendeshwa. Haipatikani: hakitoki kitu, `grep` haioni 0, amri haiendeshwi. Mstari ni mmoja, na ukimya umeacha kuwa kibali.

Hii ndiyo kanuni ninayotaka uibebe hata ukisahau mengine yote: amri inayoweza kuharibu isubiri ushahidi uliotamkwa, isiendeshwe kwa sababu tu ushahidi umekosekana.

Hatua ya 5: Kutokujibiwa kupigiwe kelele

Sharti la hatua ya 4 ni salama, lakini lina upole uliozidi. Hifadhidata ikiwa imezimika wiki nzima, Puppet itapita na kupita bila kufanya kitu, na ripoti itabaki ya kijani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo huja Ijumaa jioni.

Weka kazi ya kutangulia ambayo shughuli yake ni moja tu, kuhakikisha hifadhidata inaitika:

```
exec { 'hifadhidata-inaitika':
  command   => "mysql -e 'SELECT 1'",
  tries     => 10,
  try_sleep => 6,
  path      => ['/usr/bin', '/bin'],
}
```

Kisha amri zako zote za hifadhidata ziitegemee kwa `require`. Isipoitika baada ya majaribio kumi, kazi hii inaanguka, na zote zinazoitegemea zinarukwa kwa maelezo ya wazi kwenye ripoti. Gharama yake ni kwamba Puppet itaihesabu kuwa badiliko kila mzunguko. Ilipe gharama hiyo.

Usishawishike kutumia `mysqladmin ping` badala yake. Amri hiyo hurudisha sifuri hata ukinyimwa ruhusa ya kuingia, kwa hoja kwamba seva iliyokufukuza ni seva iliyo hai. Kwa anayefuatilia uhai wa seva, hoja hiyo inatosha. Wewe unataka kujua kama utasikilizwa, na hilo amri hiyo haikuambii.

Na ukikuta `|| true` mwishoni mwa amri ya hifadhidata, ing'oe. Huyo aliyeiweka alichoka kuona makosa, akaamua kuyaficha badala ya kuyatibu. Kila kosa litakalofuata sasa litavaa sifuri na kupita mlangoni likichekewa.

Hatua ya 6: Muulizaji na mwamuru wawe mtu mmoja

Swali linaulizwa na nani? Kwa kawaida Puppet huendeshwa na `root`. PostgreSQL iliyosakinishwa kwa mipangilio ya kawaida ya Debian au Ubuntu humtambua mtu kwa jina lake la mfumo, na haina ndani yake mtumiaji anayeitwa `root`. Itajibu kuwa hakuna `root` hapa, swali litashindwa, na kama umetumia `unless` unajua sasa kitakachofuata. Andika `user => 'postgres'`. Katika Puppet mpangilio huo hulihusu swali na amri kuu kwa pamoja.

MySQL ina ujanja wake. Mtumiaji asiye na ruhusa juu ya hifadhidata haioni kabisa ndani ya `information_schema`. Atauliza "ipo?" na ataambiwa 0, kwa sauti safi kabisa, ilhali ipo. Hii ni "hapana" ya uongo, na hata `COUNT(*)` haiwezi kukuokoa nayo. Muulizaji lazima awe na macho ya kuona anachokiulizia.

Neno la siri nalo lisiwekwe kwenye mstari wa amri, kwa kuwa yeyote aliye kwenye seva hiyo anaweza kuona orodha ya amri zinazoendeshwa, na hata ripoti za Puppet huchapisha amri zilizoshindwa. Liweke kwenye `.my.cnf` kwa MySQL au `.pgpass` kwa PostgreSQL, kwa ruhusa ya 0600. PostgreSQL inalichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba ikikuta `.pgpass` iliyoachwa wazi kwa wengine, inaipuuza.

Hatua ya 7: Ulizia kitu chenyewe, si kumbukumbu yake

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana: amri ikishafanikiwa, unda faili tupu, kisha iambie Puppet kwa `creates` kwamba faili hilo likiwepo isirudie. Hakuna haja ya kuisumbua hifadhidata.

Sasa fikiria hifadhidata imehamishiwa seva mpya kwa nakala rudufu. Data zimefika, faili limebaki kule. Puppet kwenye seva mpya haioni faili, inaingiza data za mwanzo juu ya data za kweli. Fikiria na kinyume chake: diski ya hifadhidata imeharibika, umeianzisha upya ikiwa tupu, faili bado lipo. Puppet inaapa kazi ilishafanyika. Mara zote mbili faili linasema kweli kuhusu jana na linapotosha kuhusu leo.

Kama huna cha kuulizia moja kwa moja, weka kumbukumbu ndani ya hifadhidata yenyewe, ili ikihamishwa zihame pamoja na ikifutwa zifutike pamoja. Ndivyo zinavyofanya zana za kusimamia mabadiliko ya majedwali. Flyway huandika kwenye jedwali la `flyway_schema_history`, Liquibase kwenye `DATABASECHANGELOG`, na Rails kwenye `schema_migrations`. Mabadiliko yako yakizidi matatu au manne, acha Puppet isimamie seva na uzikabidhi zana hizo majedwali.

Hatua ya 8: Sharti lingine liweke ndani ya SQL

Mara nyingi hifadhidata inaweza kujilinda yenyewe, na hakuna mlinzi aliye karibu zaidi. MySQL inakubali `CREATE DATABASE IF NOT EXISTS`, na tangu toleo la 5.7 inakubali `CREATE USER IF NOT EXISTS`. PostgreSQL ina `CREATE TABLE IF NOT EXISTS` tangu toleo la 9.1, na tangu 9.5 ina `ON CONFLICT` kwa ajili ya kuingiza mistari. Lakini haina `IF NOT EXISTS` kwa `CREATE DATABASE` wala kwa `CREATE ROLE`. Huko utahitaji swali la hatua ya 4.

Jihadhari na jambo moja: `CREATE TABLE IF NOT EXISTS` huangalia jina tu. Jedwali la `bei` likiwepo lenye safu tatu, nawe umeandika lenye safu tano, hutapata kosa wala safu mbili zilizokosekana.

Na mkate wetu? Tatizo la amri ile lilianzia kwenye SQL, hata kabla ya Puppet. "Zidisha kwa 1.18" ni safari, na kila anayeianza anaongeza umbali. Andika mwisho wa safari. Hifadhi bei kabla ya kodi kwenye safu yake na kiwango cha kodi kwenye safu nyingine, kisha uandike `UPDATE bei SET kodi = 0.18 WHERE kodi <> 0.18`. Iendeshe mara 48 au mara 4,800. Mkate utabaki shilingi 1,180.

Hatua ya 9: Usiache kazi nusu, wala usigombane na mwenzako

Ukiendesha faili la SQL kwa `psql -f`, na mstari wa saba ukashindwa, `psql` inaendelea na wa nane, wa tisa, hadi mwisho, kisha inarudisha sifuri. Puppet itakuambia hongera. Weka `-v ON_ERROR_STOP=1`, na sasa itasimama kwenye kosa la kwanza na kurudisha tatu. Ongeza `-1` ili faili zima liwe muamala mmoja: likishindwa katikati, vyote vinarudi vilivyokuwa. PostgreSQL hukubali hata uundaji wa majedwali ndani ya muamala, ingawa `CREATE DATABASE` haikubaliki humo. MySQL ni tofauti: kila `CREATE` au `ALTER` ya jedwali huufunga muamala uliokuwa wazi, na huwezi kurudi nyuma. Kwenye MySQL, gawa kazi vipande vidogo, kila kimoja na sharti lake.

Kisha hesabu seva zako. Ukiwa na seva tatu za programu na hifadhidata moja, zote tatu zinaweza kuuliza "ipo?" katika sekunde ile ile, zikajibiwa 0 zote, zikaamuru zote. Katika Ansible weka `run_once: true`. Katika Puppet, ipe seva moja tu jukumu hilo. Ikishindikana, omba kufuli kwenye hifadhidata yenyewe: `pg_advisory_lock` kwa PostgreSQL, `GET_LOCK` kwa MySQL, na swali pamoja na amri vikae ndani ya muunganisho mmoja, kwa sababu kufuli huachiwa muunganisho unapokatika. Tazama jinsi `GET_LOCK` inavyojibu: 1 ukiipata, 0 muda ukiisha, `NULL` kukiwa na hitilafu. Walioiunda walijua kuwa majibu ni matatu.

Kama una seva kuu na seva nakala, amri iende kwenye kuu. PostgreSQL itakuambia uko wapi kwa `SELECT pg_is_in_recovery()`: `t` maana yake uko kwenye nakala, usiguse.

Hatua ya 10: Jaribu mara tatu, si mara mbili

Mafundi wengi hujaribu mara mbili, na ni desturi nzuri. Mara ya kwanza zana ifanye kazi. Mara ya pili iseme hakuna kilichobadilika. Ansible ikiendelea kukuambia `changed` kwa sababu ya swali tu, weka `changed_when: false` kwenye swali hilo. Ukitumia `--check`, lipe swali `check_mode: false`, kwani bila hivyo halitaulizwa na sharti linalolitegemea litakwama. Katika Puppet, masharti huulizwa hata ukiwa katika hali ya `--noop`, na hiyo ni sababu tosha ya kuhakikisha swali lako linasoma tu na haliandiki chochote.

Jaribio la tatu ndilo linalorukwa. Kwenye seva ya majaribio, zima hifadhidata kabisa, kisha endesha zana. Inatakiwa isifanye badiliko hata moja, na ipige kelele kwamba haikuipata hifadhidata. Ikiendesha amri kuu, rudi hatua ya 4. Ikinyamaza na kutoa ripoti ya kijani, rudi hatua ya 5. Kisha iwashe hifadhidata, uendeshe tena kwa mtumiaji asiye na ruhusa, na ukipata "hapana" ya uongo rudi hatua ya 6.

Jaribio hilo linachukua dakika chache, na ndilo pekee linaloonyesha kama msimbo wako unatofautisha kukataliwa na kutosikika. Nyuma ya kila jedwali kuna watu ambao hawajui Puppet ni nini: muuza duka anayefunga hesabu za siku, mwanafunzi anayesubiri matokeo, mgonjwa ambaye orodha ya dawa zake imo humo. Hawatakushukuru kwa sharti lililoandikwa vizuri, kwa sababu hawatajua kuwa lilikuwepo. Liandike hata hivyo, na ulijaribu hifadhidata ikiwa imezimwa kabla hujaliweka kwenye seva inayowahudumia.